Haki ya Kuifunga Laini: Swali la Wateja wa Simu Katika Miji ya Mlima Kenya

Katika nchi nyingi za Ulaya, kuvunja mkataba wa simu ni suala la muda na fidia: mteja amejifunga kwa miezi 24, amepewa simu ya bei ghali mwanzoni, na akitaka kuondoka mapema hulazimika kulipa sehemu iliyosalia. Nchini Kenya, na hasa katika miji inayouzunguka Mlima Kenya kama vile Nyeri, Karatina, Nanyuki, Kerugoya, Embu na Meru, suala hilo lina sura nyingine, kwa kuwa walio wengi hutumia laini za malipo ya kabla, yaani laini ambazo mtumiaji hununua kwanza muda wa maongezi au bando ndipo azungumze. Kwa sababu hiyo hudhaniwa kwamba mteja wa namna hiyo hana cha kuvunja, na kwamba anayeichoka laini yake anaweza kuichomoa, akaitupa, kisha akasajili nyingine kwa wakala aliyekaa chini ya mwavuli kando ya steji ya matatu. Dhana hiyo si sahihi. Laini ya malipo ya kabla nayo ni mkataba, wenye masharti ambayo mteja huhesabiwa kuwa ameyakubali pindi anapoanza kuitumia, na kwa mkulima wa kahawa wa Othaya au muuza mitumba wa Karatina huenda ndiyo mkataba wenye mizizi mirefu kuliko mingine yote aliyowahi kuingia.

Mizizi hiyo inaanzia kwenye usajili. Serikali ilianza kuagiza laini zisajiliwe kwa majina ya wenyewe mwaka 2010, ikatoa kanuni kamili mwaka 2015, na mwaka 2022 Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, ambayo ndiyo chombo cha umma kinachosimamia kampuni za simu, ikawataka wateja wathibitishe upya taarifa zao, kwanza kufikia tarehe 15 Aprili na kisha, baada ya foleni na malalamiko, kufikia tarehe 15 Oktoba. Katika hatua zote hizo nguvu ilielekezwa kwenye kuingia: kitambulisho, picha, fomu na sahihi. Kuhusu kutoka hapakuwa na kampeni yoyote ya kiwango hicho, na ndiyo maana karibu kila mtu mzima anajua mahali pa kusajili laini ilhali wachache tu ndio wanaojua pa kwenda kuifunga. Dosari ya mpango huo ilidhihirika wateja walipopewa nambari ya *106#, ambayo humwonyesha mtu laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, kwa maana si wachache waliokuta humo nambari wasizozitambua, ambazo ziliandikishwa na mtu mwingine kwa jina lao na ambazo, kama zingetumika katika utapeli, zingewafikisha wao kituo cha polisi.

Juu ya usajili huo zimejengwa huduma nyingine nyingi. Tangu M-PESA, huduma ya fedha ya kampuni ya simu ya Safaricom, ilipozinduliwa Machi 2007, nambari ya simu imegeuka kuwa akaunti ya fedha, na taasisi nyingine zikafuata mkondo huo huo. Vyama vya akiba na mikopo, ambavyo Wakenya huviita SACCO, hutuma taarifa za hisa na mikopo kwa ujumbe mfupi. Benki na tovuti ya huduma za serikali ya eCitizen hutuma kwenye simu nambari ya siri ya kutumika mara moja, ambayo pasipo hiyo mwenye akaunti haruhusiwi kuingia. Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyochukua nafasi ya bima ya NHIF mnamo Oktoba 2024, humtambua mwanachama kwa kitambulisho na kwa simu yake. Na mkulima aliyeandikishwa kupata mbolea ya ruzuku hupokea kwenye nambari yake ujumbe unaompa haki ya kuchukua mifuko katika ghala la Bodi ya Nafaka na Mazao. Kwa hiyo anayeitupa laini bila utaratibu hujifungia nje ya huduma zake mwenyewe, na mara nyingi huligundua hilo msimu wa kupanda unapofika, wakati ambapo majirani wamekwisha kupata ujumbe wa mbolea na yeye bado anasubiri.

Lipo pia suala la deni. Laini nyingi huwa na deni dogo la muda wa maongezi uliokopwa kupitia Okoa Jahazi au Kopa Credo, na nyingine huwa na deni kubwa zaidi la M-Shwari, huduma ya akiba na mikopo iliyoanza mwaka 2012, au la Fuliza, iliyoanza Januari 2019 na ambayo humruhusu mtumiaji kukamilisha malipo hata salio lake likiwa limepungua. Wapo wanaoamini kwamba deni hufa pamoja na laini. Sivyo: mikopo ya fedha hutolewa kwa mtu aliyetambulishwa kwa kitambulisho chake, na asiyelipa anaweza kuripotiwa kwa kampuni za kumbukumbu za mikopo, ambazo huwaarifu wakopeshaji kuhusu mwenendo wa wakopaji. Hivyo kijana wa Nyeri aliyetupa laini yenye deni la shilingi elfu chache huenda akakutana nalo tena siku atakapoomba mkopo wa pikipiki.

Hatari iliyo kubwa kuliko zote, hata hivyo, ni ile isiyoonekana, nayo inatokana na kugawiwa upya kwa nambari. Nambari za simu ni rasilimali yenye kikomo, na Kenya ililidhihirisha hilo mwaka 2019 pale kampuni zilipoanza kutoa nambari zinazoanza kwa 01 kwa kuwa zile za 07 zilikuwa zinakaribia kwisha. Laini isiyotumiwa wala kuongezwa salio kwa miezi kadhaa hufungwa na kampuni yenyewe, kisha nambari yake hupewa mteja mwingine, ambaye hana kosa lolote lakini huanza kupokea ujumbe wa benki, wa shule na wa chama usiomhusu. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, walichunguza nambari 259 zilizokuwa zikitolewa kwa wateja wapya wa kampuni za huko, wakakuta kwamba 171 kati yake zilikuwa bado zimefungamana na akaunti zilizopo katika tovuti maarufu. Iwapo hali ndiyo hiyo Marekani, ambako fedha nyingi za wananchi hazikai ndani ya simu, basi katika nchi ambayo simu ndiyo pochi, athari yake inapaswa kumtia wasiwasi yeyote anayesimamia sekta hii.

Kuifunga laini ipasavyo, basi, ni kazi yenye mpangilio, na mpangilio wenyewe ni muhimu kuliko kasi. Kutangulie kuondoa vilivyoning'inizwa kwenye nambari: mteja abadilishe namba ya mawasiliano benki, SACCO, eCitizen, Mamlaka ya Mapato, bima ya afya na chama cha ushirika wakati laini ya zamani ingali hai, kwa sababu taasisi nyingi hutuma ujumbe wa uthibitisho kwenye nambari ya zamani kabla ya kuipokea mpya, na aliyekwisha kuifunga hubaki akizunguka kutoka dirisha moja hadi jingine na hati ya kiapo mkononi. Baada ya hapo alipe madeni yote, ahamishe au atoe fedha zilizomo katika akaunti ya simu, akikumbuka pia akiba ya M-Shwari ambayo haionekani katika salio la kawaida, na ajiondoe katika huduma za kulipiwa kama vile milio ya Skiza. Hapo ndipo aende katika duka la kampuni, si kwa wakala wa kutoa na kuweka pesa, akiwa na kitambulisho halisi, aombe laini ifungwe na usajili wake uondolewe, na asiondoke bila uthibitisho wa maandishi, hata kama ni ujumbe mfupi au barua pepe. Siku chache baadaye apige *106# kwa kutumia laini nyingine aliyoisajili, ili ahakikishe kwamba nambari ile haimo tena chini ya jina lake.

Ieleweke pia kwamba kufunga laini si kufuta historia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kuomba taarifa zake zisizohitajika tena zifutwe, lakini sheria ya kupambana na utakatishaji wa fedha inazitaka taasisi zinazoshughulika na fedha kuhifadhi kumbukumbu za miamala kwa muda usiopungua miaka 7, na mteja anayedai kila kitu kifutwe siku hiyo hiyo atajibiwa, kwa haki, kwamba haiwezekani.

Wateja wa malipo ya baada ya matumizi, wengi wao wakiwa kampuni, ofisi na watumishi wenye mishahara, wana njia iliyonyooka zaidi, kwa sababu mkataba wao umeandikwa na hueleza muda wa notisi, yaani taarifa ya awali ambayo mteja hupaswa kuitoa kabla ya kuondoka. Kwao ushauri wa maana ni mmoja: pale ambapo shida ni gharama tu, laini inaweza kuhamishiwa kwenye malipo ya kabla bila kupoteza nambari.

Simu za mkopo ni jambo jingine, na huchanganywa mno na laini. Mpango wa Lipa Mdogo Mdogo, uliozinduliwa na Safaricom na Google mwaka 2020, ulimtaka mteja atoe amana ya shilingi 1,000 na kisha alipe shilingi 20 kwa siku kwa muda wa miezi 9, na tangu hapo wakopeshaji wengine wamejaa katika miji ya Mlima Kenya wakiuza simu zinazoweza kufungwa kwa mbali mnunuzi anapochelewesha malipo. Huo ni mkataba wa kifaa, uliosimama peke yake, na kuifunga laini hakuupunguzi hata kidogo. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inampa nafuu aliyefikiwa na muuzaji nje ya duka lake akashawishika kutia sahihi, kwani anaweza kuuvunja mkataba wa aina hiyo ndani ya siku 10 baada ya kupokea nakala yake, bila kutoa sababu. Inasikitisha kwamba haki hiyo haijulikani sokoni, ambako wachuuzi wa simu hizo hawaoni faida yoyote ya kuitaja.

Marehemu nao huacha laini. Fedha zilizomo hudaiwa na warithi kwa cheti cha kifo na hati za mirathi, na zikikaa bila kudaiwa huishia kwa Mamlaka ya Mali za Kifedha Zisizodaiwa, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2011. Familia nyingi huendelea kuitumia laini ya mzee kwa kuwa zinaijua PIN yake, jambo linaloeleweka kibinadamu lakini linaloweza kuzua kesi baina ya ndugu.

Huenda ikasemwa kwamba mteja asiyeridhika hana haja ya kufunga laini, kwa kuwa tangu Aprili 2011 Kenya inaruhusu kuhamia kampuni nyingine ukiwa na nambari ile ile. Haki hiyo ipo, ila wachache mno wameitumia, na sababu haina fumbo: nambari huhama, lakini akaunti ya M-PESA haihami nayo. Hatua ya mwaka 2018 ya kuziwezesha pochi za kampuni mbalimbali kutumiana fedha moja kwa moja ilipunguza ugumu huo bila kuuondoa. Uingereza, ambayo pochi za namna hii si mazoea yake, ilirahisisha mambo tangu Julai 2019 kwa kumruhusu mteja kutuma neno moja kwa nambari 65075 na kupewa msimbo wa kuhama na nambari yake, au kwa 75075 na kupewa wa kufunga, bila kulazimishwa kumsikiliza mhudumu anayembembeleza abaki.

Kampuni za simu zina hoja moja yenye uzito dhidi ya urahisi wa namna hiyo, nayo ni usalama. Wahalifu wanaobadilisha laini za watu kwa hila ili wachote fedha wapo, na mlango wa kufunga ulio rahisi kupita kiasi ungewapa silaha nyingine. Hata hivyo, hoja hiyo inahalalisha ukaguzi wa kitambulisho, haihalalishi ukimya. Haielezi kwa nini masharti ya kufunga yaandikwe kwa Kiingereza cha mawakili, kwa nini mkazi wa Naromoru au Mukurwe-ini asajiliwe laini mlangoni pake lakini apande matatu hadi mji mkubwa ili aifunge, wala kwa nini nambari igawiwe mtu mwingine kabla ya benki na SACCO kuarifiwa kwamba mwenyewe ameondoka.

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya kupata taarifa anazozihitaji ili anufaike kikamilifu na huduma, na kutoka ni sehemu ya huduma. Mamlaka ya Mawasiliano ina ofisi ya kanda mjini Nyeri, kwa hiyo haina sababu ya kusubiri malalamiko yafike Nairobi: iziagize kampuni zichapishe utaratibu wa kufunga laini kwa Kiswahili katika kila duka, zitoe uthibitisho wa maandishi kwa kila anayefunga, na zisiigawe upya nambari iliyowahi kuwa na akaunti ya fedha hadi taasisi za fedha zipewe taarifa. Naye mteja aliyepeleka lalamiko lake kwa kampuni asiridhike na jibu alilopewa, alipeleke katika ofisi hiyo kwa maandishi, akiambatisha nakala ya uthibitisho aliopewa, au akieleza kwamba alinyimwa.