Chuo kikifungwa, mwanafunzi wa masta aliyeko Tabora anashikwa mkono na nani?

Leo naomba tuwaweke kando kidogo Simba na Yanga, tuongee jambo ambalo naona watu wanalipita tu. Hivi gonjwa jingine likija, mwanafunzi wa masta au PhD ambaye kwao ni huku kwetu chuo chake kitamfanyia nini? Maana kuja litakuja. Marburg imeshapiga hodi Kagera mara mbili, Machi 2023 na Januari 2025. Mpox nayo ikathibitishwa nchini Machi 2025. Na mabasi ya Bukoba si yanapita hapo Nzega kila siku?

Najua kuna atakayeniuliza, wewe kijana uliyeishia form six, mambo ya masta yanakuhusu nini? Yananihusu. Kwanza huku mikoani mtu wa masta si yule wa kwenye tivii mwenye joho. Ni mwalimu wako wa fizikia, ni muuguzi, ni afisa kilimo wa kata, anajisomesha kwa mshahara wake. Pili, mimi nachapa kazi za watu kwa malipo, na 2020 hao ndo walikuwa wateja wangu. Niliyoyaona niliyaona kwa macho.

Tukumbushane kwanza. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa 16 Machi 2020. Kesho yake Waziri Mkuu Majaliwa akafunga shule, na tarehe 18 ikafuata zamu ya vyuo. Mwanzoni zikatajwa siku 30, baadaye zikaongezwa. Vyuo na kidato cha sita walirudi 1 Juni, shule nyingine 29 Juni. Piga hesabu, vyuo vilikaa siku 75 milango imefungwa. Na tofauti na wenzetu wengine, vyuo vyetu vingi havikuhamia mtandaoni, vilisimama tu. Watu wakabeba mabegi yao, wakapanda basi Ubungo, zaidi ya kilomita 800 mpaka Tabora, wakakaa nyumbani kusubiri tangazo.

Walipofungua, ratiba zikabanwa ili kufidia. Kwa mtu wa digrii ya kwanza hiyo inaingia akilini: kipindi kilichokosekana Aprili kinafundishwa Julai, mtihani unasogezwa, maisha yanaendelea. Wengi walikuwa wanawaza bumu la Bodi ya Mikopo litaingia lini, na bumu kwa sehemu kubwa ni la digrii ya kwanza. Lakini tasnifu haina kipindi bana. Utafidiaje? Hakuna mwalimu wa kuja kufundisha Jumamosi. Kuna mtu mmoja na andiko lake, na msimamizi wake, na watu wa kuwahoji huko fildi. Ukikatika uzi mmoja kati ya hiyo, kazi yote inalala.

Chukua mwalimu anayesoma masta ya elimu. Takwimu zake ziko mashuleni, anataka kuwahoji wanafunzi wa kidato cha pili. Chuo kimefunguliwa Juni mosi, haya, lakini shule zenyewe zilikuwa bado zimefungwa karibu mwezi mzima mbele. Chukua mtu wa kilimo aliyetaka kupima tumbaku shambani Urambo wakati wa kuvuna. Mkulima yeye hakufunga shamba, sisi tuliendelea na kazi zetu kama kawaida. Kilichofungwa ni ofisi ya kumsainia barua. Na barua ya chuo ndo mama wa barua zote: ukiwa nayo unakwenda mkoani, mkoa unakuandikia wilaya, wilaya inakuandikia kata, ndipo mtendaji wa kijiji anakukaribisha kiti. Bila ile ya kwanza hakuna hata moja. Msimu ukipita umepita, anasubiri mwaka mzima. Kwa hiyo wale wanaosema siku 75 si kitu, kwa mtu wa namna hii zilikuwa miezi 12.

Kuna dada mmoja muuguzi wa hapa mjini, chuo chake sikitaji. Alikuwa anakuja na sura zake kwenye flashi, tunazituma kwa barua pepe, halafu anasubiri. Wiki mbili, tatu, kimya. Msimamizi akijibu anajibu usiku wa manane, ujumbe wa sauti wa dakika kumi na moja kwenye WhatsApp, na dada anakuja kesho yake nimsaidie kuuandika upate kusomeka! Simlaumu yule mzee, naye alikuwa kwake na bando lake la mfukoni, hakuna aliyempa laptopu wala utaratibu. Ila mwishoni muda wa usajili ukaisha, dada akaambiwa alipie kuongeza muda, kama mtu aliyezembea. Hapo ndo nilipochoka. Yaani milango unafunga wewe, halafu faini nalipa mimi?

Na hilo ni dogo. Mwanzoni mwa 2021 mnakumbuka matangazo ya misiba ya wahadhiri yalivyokuwa yanafuatana. Kila profesa aliyezikwa aliacha watu wake wa masta na PhD, na miaka yao miwili mitatu ya maelekezo iko kichwani kwa marehemu. Nani ana nakala ya walichokubaliana? Kama idara haina faili, mwanafunzi anapewa msimamizi mpya ambaye anasoma andiko na kusema hii mada siipendi, anza upya. Kurugenzi ya masomo ya uzamili ipo kwa ajili ya jambo kama hili hasa, kwamba mtu asibaki yatima wa kitaaluma kwa sababu ya msiba.

Sasa wenzetu walifanyaje? Uganda walifunga vyuo Machi 2020 na wa mwaka wa mwisho walirudi Oktoba, kwa hiyo waliumia kuliko sisi. Lakini Makerere (alikokwenda Mwalimu Nyerere 1943 akitokea hapahapa Tabora Boys, tusisahau) watu wa PhD walitetea tasnifu zao kwa Zoom, na Airtel na MTN walikubali tovuti ya masomo ya chuo ifunguke bila kula bando. Chuo Kikuu cha Nairobi kilifanya mahafali mtandaoni Septemba 2020. Afrika Kusini serikali ilitangaza bando la GB 30 kwa mwezi kwa mwanafunzi, GB 10 za mchana na 20 za usiku. Uingereza, lile shirika lao la kugharamia utafiti, UKRI, Aprili 2020 lilitangaza kuwalipa watu wa PhD walio mwaka wa mwisho hadi miezi sita ya ziada, kwa wale ambao fedha zao zilikuwa zinaisha kati ya Machi 2020 na Machi 2021.

Hiyo ya Uingereza siitaji ili tuoneane wivu. Naitaja kwa sababu ya wazo lililomo: kwamba muda ulioliwa na gonjwa si kosa la mwanafunzi, kwa hiyo asiulipie yeye. Sisi hatuna hela ya kumlipa mtu posho ya miezi sita. Lakini kuandika mstari mmoja kwamba siku ambazo chuo kimefungwa na serikali hazihesabiwi kwenye muda wa usajili, na hakuna ada ya nyongeza kwa siku hizo, inagharimu shilingi ngapi? Wino tu. Mstari huo ungekuwepo kwenye kanuni za kila chuo kabla ya gonjwa, yule dada asingekuja kuniomba nimwandikie barua ya kuomba huruma.

Hapa Tabora habari ya msaada kukwama njiani si ngeni. Mji huu umekua kwa sababu ya njia ya misafara, Bagamoyo mpaka Ujiji. Burton na Speke walifika hapa Kazeh Novemba 1857 wakiwa hoi, na Mwarabu mmoja, Snay bin Amir, akawapokea, akawatafutia nyumba na wapagazi. Ndivyo njia ilivyokuwa inafanya kazi. Hakuna aliyetoka pwani akategemea kusaidiwa na pwani mpaka ziwani, ulisaidiwa kituo kwa kituo. Tabora ulipumzika, ukakopa, ukaajiri watu wapya, ukaacha mizigo.

Magonjwa nayo yalipita njia hiihii. Kipindupindu kilichoipiga Zanzibar 1869 na 1870 kiliua watu wengi mno, wapagazi wakiwemo, na daktari mmoja wa huko, James Christie, akaandika kitabu kizima kilichotoka 1876 akifuatilia jinsi gonjwa lilivyotembea na misafara. Livingstone alikuwa Ujiji hana kitu wakati shehena zake zinakwama njiani. Kuna mfuko wa barua zake ulioandikwa tarehe 1 Novemba 1870. Ulifika Unyanyembe ukalala hapa, vita ya Mirambo ikiwa imefunga njia, mpaka Stanley alipoukuta na kumpelekea Ujiji Novemba 1871. Mwaka mzima barua iko njiani! Nikiusoma mkasa huo namuona yule dada na barua pepe yake kwa msimamizi, kha.

Wazo langu ni hili. Tusipange msaada wote utoke Dar, Dodoma au Morogoro kwenda moja kwa moja mpaka kwa mtu aliyeko Sikonge. Tupange vituo. Na vituo vipo tayari, hatujengi kitu. Chuo Kikuu Huria kilianzishwa kwa sheria ya 1992 na toka mwanzo kimejengwa hivyo, kina kituo cha mkoa hapa Tabora. Tuna AMUCTA, chuo kishiriki cha SAUT. Tuna maktaba ya mkoa. Kwa watu wa kilimo kuna TARI Tumbi, watafiti kabisa, na kwa watu wa afya kuna kituo cha NIMR na hospitali ya Kitete. Sasa niambieni, mwanafunzi wa masta ya kilimo aliyerudishwa nyumbani Isevya kwa nini asiweze kukaa Tumbi na mtafiti wa pale akawa msimamizi wake wa muda? Kinachokosekana ni makubaliano tu, yaliyosainiwa mapema, kwamba chuo kikifungwa mwanafunzi wako aliye mkoani anapokelewa na kituo fulani, anapata meza, intaneti, mtu wa kusoma kazi yake, na mtu wa kumsainia ile barua mama.

Najua mtasema mwandishi anaota, hizi taasisi kila moja ina mkurugenzi wake na bajeti yake. Kweli. Lakini hata Snay bin Amir hakuwa mwajiriwa wa Burton.

Wengine watasema ya nini vituo, weka kila kitu mtandaoni. Hapo nawakatalia, na sisi watu wa kafe ndo tunajua zaidi. Aprili 2021 bei za mabando zilipanda kwa usiku mmoja, watu wakapiga kelele mpaka serikali ikasitisha. Na 29 Oktoba 2025 intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Mtu aliyekuwa na kikao na msimamizi kwa Zoom wiki ile alikutana na ukuta. Mtandao ni mzuri, mimi ndo unanilisha, lakini usiwe daraja la pekee. Meza ya pale maktaba haizimwi na mtu.

Halafu kuna vitu vya bure ambavyo vyuo havisemi vya kutosha. Nchi yetu iko kwenye kundi linalopata Research4Life bure, maelfu ya majarida ya kitaaluma, chuo kikishajiandikisha. Nywila iko kwa mkutubi. Mwanafunzi aliyeko nyumbani anachotakiwa ni kupewa utaratibu wa kuingia akiwa nje ya chuo, basi. JSTOR nao 2020 walipandisha makala za kusoma bure mtandaoni kutoka 6 mpaka 100 kwa mwezi kwa mtu aliyefungua akaunti yake. Wateja wangu wangapi walijua? Wawili. Wengine walikuwa wananilipa nitafute makala moja moja kwenye Google, na mimi nilikuwa nakula hela yao, sitasema uongo. Siku chuo kinafunga geti, kila mtu wa uzamili angetoka na karatasi moja mfukoni: nywila za maktaba, namba ya msimamizi na ya msimamizi wa akiba, na jina la kituo chake mkoani.

Sasa nataka kusikia kwenu. Wewe uliyekuwa masta au PhD mwaka 2020 halafu ukarudishwa Nzega, Igunga, Kaliua au kule Kigoma, chuo kilikupigia simu hata mara moja? Ulilipa ada ya kuongeza muda? Na kama kuna chuo kilichokushika mkono vizuri, kitaje bila woga, tujue walifanyaje. Tiririkeni hapo chini, mimi nimebakiza dakika nne za kafe. Tupo pamoja.