Tarehe kwenye mfuko haitoshi, tuangalie unyevu kwanza



Swali moja linarudi kila mara kwenye mikutano. Paketi ya nafaka za asubuhi, ama mfuko wa unga wa buyi wa mahindi na soya, tarehe yake imepita. Tule ama tutupe? Wengine wanasema: "Iko bado muzuri, haina hata mududu." Wengine wanasema: "Hapana, hiyo ni sumu, tupa yote." Na mwenye duka anashusha bei, mama anayetafuta chakula cha watoto anasimama katikati akiwa na feza kidogo mkononi.

Sisi tuna maoni yetu, na tunayasema wazi. Tarehe ina kazi yake, lakini kwa nafaka kavu si tarehe inayoamua kama chakula kitatudhuru. Kinachoamua zaidi ni unyevu, na namna mfuko ulivyotunzwa toka shambani ama kiwandani mpaka kwenye sufuria.

Tuanze na maandishi yenyewe. Kwenye mifuko inayofika kwetu kuna maneno ya Kifaransa ya aina mbili, na maana yao si moja. "À consommer de préférence avant" ni kusema: vizuri kuliwa kabla ya siku hii. Mtengenezaji anaahidi kwamba mpaka siku hiyo ladha, harufu na vitamini vitakuwa sawa. Baada ya hapo haahidi tena, lakini hajasema chakula kimekuwa sumu. "À consommer jusqu'au" ni neno kali zaidi: mwisho wa kula ni siku hii. Hilo linaandikwa kwenye vitu vinavyooza upesi, kama nyama na maziwa mabichi. Nafaka kavu nyingi zina neno la kwanza.

Basi paketi kavu, haijafunguliwa, haijatoboka, imepita tarehe yake wiki kadhaa: mtu mzima akila, kwa kawaida haimfanyi kitu. Itakuwa imelegea, haivunjiki tena mdomoni, na vitamini zimepungua. Unga wenye soya, ama mahindi yaliyosagwa pamoja na kiini chake, una mafuta ndani. Mafuta hayo yanachacha, na unga unatoa harufu kama ya rangi ya mlango ama mafuta ya zamani. Ukisikia harufu hiyo, acha. Ukiona ukungu, ama unga umeshikana mabonge kwa sababu maji yaliingia, acha pia, hata kama tarehe bado iko mbele.

Chakula cha mtoto mchanga hatuweki kwenye hesabu hii. Maziwa ya unga ya watoto na buyi ya paketi ya watoto wadogo, tarehe ikipita, usimpe mtoto. Mwili wake ni mdogo, na yeye anategemea vitamini za chakula hicho kimoja kuliko sisi tunaokula sombe, samaki na ndizi.

Sasa tuangalie mambo ya kwetu. Mtengenezaji aliandika tarehe akifikiri mfuko utakaa mahali pakavu pasipo joto kali. Kisangani iko karibu kabisa na ikweta, mvua inanyesha karibu kila mwezi. Mfuko unaotoka Kinshasa unapanda mto zaidi ya kilomita 1700. Unaweza kukaa wiki nyingi juu ya baleniere, chini ya hema lililotoboka. Ule unaotoka Beni unapita Komanda, Nia-Nia na Bafwasende, na lori likikwama kwenye matope linalala huko. Kwa hiyo kwetu sisi tarehe inaweza kutudanganya upande wa pili: inasema bado miezi sita, kumbe ndani kumeisha kuharibika.

Na kuna hatari ambazo tarehe haizioni kabisa. Mwaka 2019, Karamoja huko Uganda, watu walikula unga wa uji wa msaada uliogawiwa na PAM. Ni ule unga wa nafaka na soya wanaopewa wamama wenye mimba na wanaonyonyesha. Watu karibu 300 waliugua, na 5 walikufa. Uchunguzi ulikuta sumu ya mmea wa datura, gugu ambalo mbegu zake zinaweza kuvunwa pamoja na zao. Shida haikuwa tarehe. Ilianzia kwenye usafi wa nafaka kabla haijasagwa. Sisi tunaofanya kazi na mashirika ya msaada tunalisema hili bila kuficha: mfuko wenye chapa kubwa nao unahitaji macho.

Mwaka 2004, huko Kenya, upande wa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua ini na 125 walikufa. Hao walikula mahindi, mengi yakiwa ya mashamba yao wenyewe, yaliyowekwa ndani yakiwa na unyevu. Ukungu ukaota na kutoa sumu inayoitwa aflatoksini. Mwaka 2016 jambo kama hilo likatokea Tanzania, Dodoma na Manyara, na huko pia watu walikufa. Magunia yale hayakuwa na tarehe yoyote. Magunia yetu hapa je, yana tarehe gani?

Aflatoksini haina ladha wala harufu. Kuchemsha hakuiui, kukaanga hakuiondoi, kusaga kunaichanganya tu. Ukila kidogo kidogo miaka mingi inaharibu ini na kuleta kansa. Tena tusidanganyane kwamba mahindi yenye ukungu ni ya kuku. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa kula mashudu ya karanga yenye sumu hii. Ndipo wataalamu wakaanza kuijua. Kwa hiyo mahindi ya namna hiyo tusiyauze, tusiwape mifugo, tusiyapikie pombe.

Ndiyo maana tunaona koperative zianze kuandika tarehe zao wenyewe. Kila gunia linaloingia depo liwe na kikaratasi ama maandishi ya makaa: siku ya kuvuna, siku ya kuingia depo, na jina la aliyeleta. La kwanza kuingia liwe la kwanza kutoka.

Kabla ya kupokea, tupime ukavu. Hakuna mashine? Chumvi inatosha. Kausha chumvi kwanza kwenye sufuria, maana chumvi ya hapa inavuta maji. Tia mahindi kwenye chupa kavu ya kioo, yafike robo ama nusu, ongeza vijiko viwili vya chumvi, funga, tikisa vizuri dakika moja, kisha iache itulie dakika 10 ama 15. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado mabichi, yarudi juani. Isiposhika, unyevu umeshuka chini ya 15 kwa mia. Anika tena siku moja ama mbili, ufikie 13 kwa mia, ndipo ufunge. Anika juu ya hema ama mkeka, si juu ya udongo. Chambua kwa mkono punje zilizovunjika, zenye rangi mbaya na zenye ukungu, maana sumu nyingi imo humo. Magunia yakae juu ya mbao, mbali kidogo na ukuta. Mfuko wa tabaka tatu usiopitisha hewa ni mzuri sana dhidi ya wadudu, lakini ukifungia mahindi mabichi ndani unafungia shida.

Kuna faida ya soko pia. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na kanuni ya jumuiya hiyo kwa mahindi hairuhusu aflatoksini zaidi ya sehemu 10 kwa bilioni moja. Mwaka 2021 Kenya ilifunga mlango kwa mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu hii, malori yakakwama mpakani, na mlango ulipofunguliwa tena masharti yakawa mengi. Koperative yenye daftari la tarehe na vipimo itakuwa na la kujibu siku mnunuzi wa mbali atakapouliza.

Tunajua kutupa chakula kunauma. Mama aliyelima kwa jembe miezi minne hawezi kutupa gunia peke yake kwa sababu tu tumeandika hapa. Akibeba hasara peke yake, atalipeleka sokoni usiku, na litaliwa na mtoto wa mwenzake. Kwa hiyo tunapendekeza mkutano ujao uzungumze jambo moja: kila koperative iweke pembeni sehemu ndogo ya feza ya kila gunia linalouzwa, kwa kumsaidia memba ambaye mahindi yake yamekataliwa depo, akiwa alifuata kanuni za kuanika na mvua ikamshinda. Na anayefuta tarehe kwenye mfuko ama kuandika nyingine juu yake, asipate nafasi ya kuuza kwenye depo yetu.