Ujira wa Dalali wa Fremu: Nani Alipe?

Anayetafuta fremu ya biashara Geita mjini au Katoro anaujua utaratibu. Kodi hutakiwa ya miezi sita, mara nyingine ya mwaka mzima, tena taslimu. Juu yake huongezwa kodi ya mwezi mmoja, nayo ni ya dalali. Tuseme fremu ni ya shilingi 150,000 kwa mwezi: mpangaji atatoa 900,000 kwa mwenye fremu na 150,000 kwa dalali kabla hajaingiza dukani hata mfuko mmoja wa sukari. Mwenye fremu, ambaye mara nyingi ndiye aliyempigia dalali simu kumwambia kuwa mlango uko wazi, hatoi kitu.

Tunauliza: kwa haki ipi?

Hatusemi kuwa udalali ni haramu. Imam Bukhari, katika Kitabu cha Ijara cha Sahihi yake, ameweka mlango mahsusi kuhusu ujira wa dalali, akataja kwamba Ibn Sirin, Ataa, Ibrahim na Hasan hawakuona ubaya ndani yake. Vijana wanaozunguka juani Nyankumbu na Kalangalala wakimtafutia mtu mahali pa kuweka cherehani yake wanafanya kazi, na baadhi yao tumewasomesha wenyewe. Ujira ni haki yao. Suala ni kwamba uko juu ya nani.

Mafakihi huupima ujira huu kwa ijara au kwa ju'ala, na asili katika yote mawili ni kwamba hulipa yule aliyeagiza kazi. Mpangaji akimtuma dalali, alipe mpangaji. Mwenye fremu akimtuma, alipe mwenye fremu. Wakimtuma wote wawili, wagawane kwa sharti lililotajwa mapema. Tutajibiwa kwamba hii ndiyo ada ya mji, na ada ina uzito wake katika sheria. Ni kweli, ila haiwezi kuondoa ridhaa, ambayo Surat an-Nisaa, aya ya 29, imeifanya kuwa sharti la biashara. Mtu anayetajiwa fungu la dalali siku ya kukabidhiwa funguo, fedha zake za kodi zikiwa zimekwishapokelewa, ameridhia nini?

Liko zito zaidi. Dalali anayelipwa kwa kipimo cha kodi hana sababu ya kumteremshia mpangaji kodi hiyo. Ikipanda kutoka 150,000 hadi 200,000, dalali anaongezewa 50,000. Mpangaji, kwa miezi sita, anaongezewa 300,000 pamoja na hiyo 50,000. Wapo pia wanaopokea pande zote mbili, kila upande ukidhani dalali ni wake peke yake. Hiyo ni khiyana. Na ajabu ni kwamba katika mji huu huu dalali wa madini anatakiwa kuwa na leseni kwa Sheria ya Madini ya 2010. Dalali wa fremu anahitaji simu tu.

Ujerumani, ambayo haihukumu kwa fiqhi, iliweka sheria mwaka 2015 kwamba katika nyumba za kupanga za kuishi, aliyemwagiza dalali ndiye amlipe. Maduka hawakuyaingiza.

Wenye fremu watasema kuwa wataiongeza gharama hiyo kwenye kodi. Waiongeze! Mpangaji ataona bei moja, ataipima na ya jirani. Na mwenye fremu, akitoa mfukoni mwake, ataanza kujadiliana na dalali, jambo ambalo leo hana haja nalo.

Haya yanatuhusu sisi kabla ya wengine, kwani misikiti mingi ina fremu za wakfu upande wa barabarani. Mpangaji anapotozwa mwezi ambao haumo katika daftari wala risiti ya msikiti, jina lililotumika ni la msikiti. Kamati ziandike katika mkataba, kabla ya kupokea fedha, dalali ni nani, ametumwa na nani, na analipwa kiasi gani na nani. Fremu ikiwa wazi, tangazo libandikwe nje ya lango (ndani hapana, kwa makatazo yanayojulikana ya kufanya biashara msikitini), na huenda dalali asihitajike kabisa. Na ikiwa aliyejifanya dalali ni mjumbe wa kamati yenyewe, mpangaji asimlipe hata senti, na kamati imuulize amekwishapokea kwa wangapi.