Mshono wa mapambo usikuharibie mfarishi

Mwezi wa Juni ukiingia na baridi ya Molo ikiteremka hadi huku kwetu Nakuru, blanketi moja halitoshi. Ndipo kina mama wengi hukumbuka ule mfuko wa vipande vya vitenge ulio juu ya kabati na kusema, mwaka huu ni lazima nishone mfarishi. Wengine huuita kwilti. Ni kitu kile kile: vipande vilivyoungwa juu, blanketi jepesi katikati na bitana chini, vyote vikashonwa pamoja.

Hapo kwenye kushona pamoja ndipo penye kazi. Cherehani nyingi za umeme zina mishono ya mapambo, mawimbi, majani, maua na kadhalika, ambayo wengi wetu hatuigusi hata siku moja. Mimi niliigusa nikakiona cha mtema kuni.

Mama alipotuacha nilirithi leso zake saba. Nilizikata, nikaziunga, kisha nikachagua mshono wa majani uliojaa uzi, eti wapendeza. Kufika katikati, kazi yote ilikuwa imejikunja kama karatasi iliyolowa. Nikashika mkasi nifumue. Ncha ikapenya na kuitoboa leso moja, nami nikaketi pale nikilia. Leso ya mama huwezi kurudi dukani kununua nyingine.

Nilimpelekea mzee mmoja fundi, mshonaji wa barazani kule Bondeni. Aliupindua mfarishi mara moja tu.

“Binti yangu, hapa umedarizi kola ya kanzu. Blanketi halidariziwi hivyo.”

“Sasa nifanyeje, mzee?”

“Tafuta mshono unaopumua.”

Alikuwa na maana hii. Mshono uliosongamana huvuta kitambaa kutoka pande zote, na vitambaa vitatu vilivyolaliana haviwezi kunyooka tena. Chagua ulio wazi: mawimbi, zigizaga pana, au ule unaofanana na unyoya. Urefushe hadi milimita 3 hivi na ulegeze kidogo mkazo wa uzi wa juu. Tia sindano mpya, namba 90, na ufunge kile kiguu chenye mfereji chini yake, ili uzi upite bila kukwama.

Kabla ya hayo fua vitenge, kwani vingine hutoa rangi. Kisha piga bandi mfarishi mzima. Najua inachosha, lakini pini peke yake huteleza. Anza kushona katikati ukielekea pembeni, polepole, bila kukivuta kitambaa. Kiache cherehani ikipeleke yenyewe. Wala usianze kwenye kazi yenyewe. Chukua mabaki, uyapange vitambaa vitatu vile vile, ujaribu mishono minne mitano na uandike kando yake kwa kalamu vipimo ulivyotumia. Lau ningalifanya hivyo, leso yangu ingalikuwa nzima.

Ukiwa umeshikilia yale majani mazito, basi yashone kwenye kipande cha juu kabla ya kuweka blanketi, ukitanguliza karatasi chini yake na kuichana baadaye. Karatasi iwe nyeupe. Gazeti hili lisome tu, wino wake utachafua kitambaa.

Na wewe mwenye Singer nyeusi ya miguu, ambayo haijui ila kushona moja kwa moja? Usijidharau. Mmarekani Helen Blanchard alipata hataza ya cherehani ya zigizaga mwaka 1873, lakini mifarishi mizuri mno ilishonwa kabla ya hapo na baada ya hapo bila zigizaga yoyote. Kiongoze kitambaa kwa viganja viwili, kushoto kidogo, kulia kidogo, utapata mawimbi. Kwa maoni yangu mawimbi hayo hupendeza kuliko maua ya cherehani ghali, kwani hakuna mstari ulio sawa na mwenzake. Tumia uzi unaokaribiana na rangi ya kitambaa. Uzi mweusi kwenye kitenge cha manjano hutangaza kila kosa.

Mfarishi wangu nilifumua wiki mbili, safari hii kwa wembe mdogo na kwa upande wa bitana, kisha nikaushona upya kwa mawimbi. Ile leso iliyotoboka niliitia kiraka. Iko upande wa miguuni, na kila nikitandika kitanda hukiona.