Laini ya Chemosit: tuonyesheni mkataba kwanza!

Jamani, tuongee ukweli kuhusu stima. Watu wakisikia "mwekezaji wa kigeni" hugawanyika papo hapo: hawa wanapiga makofi, wale wanapiga kelele. Mimi simo katika makundi hayo. Nataka kitu kimoja tu: kuusoma mkataba.

Chukua Chemosit, Kericho. Oktoba 2024 KETRACO, shirika la serikali la kusafirisha umeme, lilitia saini mkataba wa miaka 30 na kampuni ya Adani ya India, wa dola milioni 736. Ndani yake kulikuwa na laini ya kilovolti 220 kutoka Rongai kupitia Keringet hadi Chemosit, karibu kilomita 100. Chama cha Wanasheria kikaenda kortini kulalamikia usiri na wananchi kutoshirikishwa. Mahakama Kuu ikausimamisha mwezi huo huo. Tarehe 21 Novemba, baada ya Gautam Adani kushtakiwa Marekani kwa madai ya hongo (kampuni yake iliyakanusha), Rais Ruto akaufuta.

Watu wakashangilia. Haya basi, mkulima wa Litein au Mogogosiek alipata nini? Kufuta mkataba si kufuta haja ya laini! Majani yaliyochumwa asubuhi hayasubiri. Yanataka feni za kuyanyausha, mashine za kuyakata, moto wa kuyakausha. Stima ikipotea, kiwanda kinawasha jenereta la dizeli, na gharama hiyo inakatwa kabla bonasi haijamfikia mkulima. Kampuni kubwa za mashamba zimekuwa na mitambo yao midogo ya maji kwenye mito ya Kericho kwa miaka mingi. Mwenye ekari moja atautoa wapi mto wake?

Ndiyo maana mkataba mbovu unauma mara mbili: ukitekelezwa unalipa, ukivunjika unakosa stima. Kumbukeni Turkana. Mitambo 365 ya upepo, megawati 310, ilikuwa tayari mwaka 2017. Laini ya kuitoa stima ilikuwa jukumu la serikali, ikachelewa hadi Septemba 2018. Kenya ikalipa mabilioni ya shilingi kwa umeme ambao haukuwasha hata balbu moja. Mkataba ndivyo ulivyosema!

Sisi waandika programu tunajua jambo hili. Kosa likionwa kabla programu haijawekwa kazini, unafuta mstari mmoja. Likionwa baadaye, wateja wanalia. Mkataba nao ni programu ya miaka 30. Kwa nini usomwe na watu wachache tu hadi siku ya saini?

Nawasikia wakubwa: "Mtawafukuza wawekezaji." Wapi! Siri ndiyo iliyomfukuza Adani: kortini mkataba ulikwama ndani ya wiki chache. Kampuni makini, iwe ya India, China au Ufaransa, inataka mkataba utakaodumu hata serikali ikibadilika.

Basi iwe hivi. Zabuni ya wazi, si pendekezo la kampuni moja lililoletwa mlango wa nyuma. Mkataba mzima utolewe kabla ya saini, kwa Kiswahili pia. Malipo yaanze stima ikianza kupita, si kabla. Hatari ya dola kupanda igawanywe, asibebeshwe mlipa bili peke yake.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji aonyeshwe kwanza kilichomo kwenye mfuko wa mgeni. Naomba kuwasilisha.