Ati Wote Wametoa!

Waswahili husema, "Wengi wape." Usemi huu wafaa sana tunapochagua kiranja. Lakini naona sisi wanafunzi twautumia hata pasipo mahali pake, nasi twapata hasara.

Muhula uliopita, usiku wa kuamkia jaribio la hesabu, zilivuma habari bwenini kwamba karatasi ya maswali imepatikana, na kila aitakaye atoe shilingi 500. Mwenzetu mmoja akauliza, "Nani ajuaye kuwa ndiyo yenyewe?" Hakujibiwa. Aliitwa mwoga na kipenzi cha walimu, kisha akaambiwa, "Ama u pamoja nasi, ama wewe ni msaliti. Wote wametoa!" Tukamcheka. Nami nilicheka, ingawa swali lile lile lilikuwa moyoni mwangu. Kisha nikatoa fedha zangu.

Asubuhi hatukuona hata swali moja tulilouziwa. Na hata kama yangalikuwamo, tungalikuwa wezi wa alama. Nilipowauliza wenzangu kwa nini walitoa, karibu kila mmoja alijibu, "Niliona wengine wametoa."

Basi natuyapime maneno yale. "Mwoga" ni habari ya mtu, si habari ya karatasi. Hata mwoga aweza kusema kweli. "Ama huku ama kule" huificha njia ya tatu, maana mtu aweza kuwapenda wenzake na kulikataa jambo lao. Na "wote wametoa" yatuonyesha idadi ya waliotoa tu. Hayathibitishi kwamba karatasi ni ya kweli.

Katika miaka ya 1950 huko Marekani, mtaalamu Solomon Asch aliwaonyesha wanafunzi wa vyuo mistari, wataje upi ulio sawa kwa urefu na mwingine. Lilikuwa jambo rahisi kwa kila mwenye macho. Lakini katika kila kundi mmoja tu ndiye aliyekuwa akijaribiwa. Waliobaki walikuwa wamepatana kwa siri kutoa jibu la makosa. Karibu robo tatu ya waliojaribiwa waliwafuata wenzao katika kosa, angalau mara moja. Ila alipowekwa mtu mmoja tu wa kusema kweli, waliofuata kosa walipungua sana.

Jambo hili lanisumbua. Mtu wa kwanza wa kusema kweli tulikuwa naye bwenini. Laiti ningalisema, "Swali lake ni jema, lijibiwe," pengine wengi wangaliziweka fedha zao mfukoni na kurudi kwenye madaftari.

Kwa walimu wetu na wazazi wetu nina neno moja, nalo nalisema kwa heshima. Mwatuonya kila siku tusifuate makundi. Ni vema. Lakini mtoto anyamazishwaye kila aulizapo "kwa nini?" nyumbani au darasani, atajifunza wapi kuuliza bwenini?

Nanyi wenzangu, siku mtakapoambiwa "wote wametoa," ulizeni kwanza, "Wote wamejuaje?" Na akiuliza mwingine, msimcheke.

Mwenzetu yule nimekwisha kumwomba radhi, naye amenisamehe. Shilingi 500 zangu sikurudishiwa.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu