Kukaa Mbele ya Televisheni Si Kusubiri Riziki

Bismillahi Rahmani Rahim.

Ndugu zangu katika imani, maneno ya leo ni kwa watu wachache kwa idadi lakini wenye dhamana kubwa: vijana wetu waliosoma sayansi mpaka shahada ya uzamivu, wakarudi Unguja wanaitwa Dokta, na sasa wamekaa nyumbani. Ni kwa wazee wao pia, maana kosa hili halina mwenyewe mmoja.

Mwulize Dokta, "Vipi kazi?" Atakujibu, "Nasubiri nafasi chuoni, sheikh. Riziki kwa Mungu." Maneno mazuri. Lakini itizame siku yake. Asubuhi anaangalia kama kuna tangazo la SUZA au la Dar es Salaam. Hakuna. Mchana umekwisha. Baada ya Isha yuko Jaws Corner, kahawa mkononi, anatizama mpira. Usiku ambao hauna mpira, nyumbani ipo tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili. Analala saa saba, Alfajiri inampita, na kesho ni vile vile. Halafu hali hii anaiita subira!

Nalipinga jina hilo kwa nguvu zote. Subira ni kuvumilia huku unatenda. Aliyeuliza kama amwache ngamia wake na kumtegemea Mungu alijibiwa na Mtume (S.A.W.) amfunge kwanza, kisha ategemee. Wewe ngamia wako umemfunga wapi?

Msinizulie. Sijasema televisheni ni haramu. Sisi Wazanzibari tulikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya mwanzo ya 1970, wakati wenzetu wa Bara walisubiri mpaka 1994. Tumekua nayo. Taarifa ya habari ina faida, na mwili una haki ya kupumzika. Lakini hupumzika aliyechoka, na anayechoka ni aliyefanya kazi.

Dokta anajua hesabu kuliko mimi, basi tuhesabu pamoja. Kuanzia saa tatu mpaka saa sita usiku ni saa 3. Kwa mwaka mzima ni saa 1,095. Zigawe kwa siku ya kazi ya saa 8, utapata siku 136. Hiyo ni zaidi ya nusu mwaka wa kazi, na bado hujahesabu mchana wa Jumamosi na Jumapili. Ligi ya Uingereza ina mechi 38 kwa kila timu, na wewe unafuata timu tatu. Na usisahau: wale unaowatizama wako kazini. Aliyekaa bila kazi ni wewe.

Hata hivyo, mzizi wa maradhi haya si televisheni. Mzizi ni aibu. Televisheni ni shuka tu ya kujifunika. Tumemfundisha kijana kwamba aliyesoma mpaka mwisho mahali pake ni chuo kikuu, na kwengine kote ni kushuka. Akienda kupima maji ya mahoteli, barazani watasema, "Dokta mzima!" Akianza kutengeneza sabuni watasema kichwa kimemruka. Basi anaona heri akae ndani, asubiri kiti.

Kiti chenyewe kiko wapi? Mwalimu mmoja wa chuo anaweza kusimamia wanafunzi kumi wa uzamivu katika umri wake, na siku akistaafu anaacha kiti kimoja. Wale tisa waende wapi? Hili si la Zanzibar peke yake. Ulaya na Marekani madokta wengi wa sayansi wanafanya kazi viwandani, hospitali na serikalini. Sisi tu ndio tumeifanya msiba.

Na aibu hiyo tumeitoa wapi? Si katika dini yetu. Nabii Zakariya alikuwa seremala. Nabii Daudi alikula kwa kazi ya mikono yake. Imamu Abu Hanifa aliuza vitambaa. Yupo mwanachuoni mkubwa anajulikana mpaka leo kwa jina la Al-Khassaf, yaani mshona viatu, na hakuna aliyemdharau. Ibn al-Haytham, bingwa wa elimu ya mwanga, imepokewa kwamba kule Misri alikula kwa kunakili vitabu vya hesabu na kuviuza. Na hapa petu, Sayyid Ahmad bin Sumayt (1861–1925), kadhi ambaye wanachuoni wa pwani nzima walimrejea, ujanani alikuwa nahodha wa jahazi. Je, bahari ilimpunguzia elimu?

Sasa nendeni Paje na Jambiani wakati maji yametoka. Kilimo cha mwani kilianza huko mwaka 1989, na wengi wanaokilima ni mama zetu. Aina ya kotonii ndiyo yenye bei nzuri zaidi, na ndiyo inayokufa bahari inapopata joto. Mama anafunga kamba zake, anainama juani saa nzima, bamvua linalofuata anakuta mwani umegeuka mweupe na kukatika. Anabaki na spinosamu, ambayo bei yake ni ndogo. Yule aliyesomea mimea ya baharini miaka minne, anayejua maradhi yale yanatoka wapi na kamba zihamishiwe maji gani, yuko mjini anabishana kama lile lilikuwa penalti. Mtume (S.A.W.) alijikinga kwa Mola wake na elimu isiyonufaisha. Elimu yako inamnufaisha nani?

Basi fanyeni hivi. Kwanza, andika wasifu wako upya. Ule wa kurasa kumi wenye orodha ya makala ni wa chuo. Meneja wa kiwanda hausomi. Andika kurasa mbili, kwa lugha ya kazi: naweza kupima maji na chakula, naweza kuendesha maabara, naweza kuchambua takwimu, naweza kuandika ripoti na kusimamia watu. Pili, bisha milango ambayo hukuifikiria: Mkemia Mkuu wa Serikali, taasisi ya viwango, maabara za hospitali, utafiti wa kilimo Kizimbani, wasarifu wa viungo na mwani, mahoteli yenye mitambo ya maji taka, skuli za sekondari zinazolia kukosa walimu wa fizikia. Usingoje tangazo, nenda, jitambulishe, uliza wana tatizo gani. Tatu, mwajiri ataogopa udokta wako. Atadhani utataka mshahara mkubwa au utaondoka mwezi wa tatu. Mwondolee hofu wewe mwenyewe kabla hajakuuliza. Nne, zile saa 3 za usiku, anza kwa kuichukua moja tu uifanyie haya. Mechi moja kwa wiki inakutosha.

Dada zetu madokta, haya ni yenu pia, na mzigo wenu ni mzito zaidi, maana nyinyi mnaambiwa hata kutafuta hakuna haja. Msikubali. Mwanamke ajuaye sayansi anahitajika na wanawake wenzake kabla ya mtu yeyote.

Na nyinyi wazee, nakusemeni waziwazi. Mama, usimwambie mwanao kazi ile haimstahiki. Baba, usione haya kusema barazani, "Mwanangu anapima maji." Kazi ya halali haina kimo. Hakika nafasi ni chache na wengine wametafuta kweli hawajapata. Hao Mungu anawaona, na wajibu wetu ni kuwasaidia, si kuwacheka. Wenye makampuni na mahoteli mnaonisoma, wafungulieni mlango.

Sura ya Al-Jumuah imetuamrisha, swala ikishaswaliwa, tutawanyike katika ardhi kutafuta fadhila za Mwenyezi Mungu. Imesema tutawanyike. Haikusema turudi kwenye kochi.

Ewe Mola wetu, wanufaishe vijana wetu kwa ulichowafundisha, na uwape riziki ya halali wasiyoionea haya. Amin.

Mfikishie Dokta wako ujumbe huu, kabla mpira haujaanza. Wabillahi tawfiq.